Zimwi Lenye Linajua Jina Yako

Ile methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha, odijo wa Kiswahili alituandikia kwa ubao na sisi tukakopi bila swali. Eti ukipatwa na ngori, heri itoke kwa msee mnajuana, ju atakuwachia ata kipande. Zii. Shika mwandishi yeyote wa stori za kuogopesha mwenye anajua kazi yake, awe wa Asembo, wa Lagos ama wa Maine, atakushow hiyo ni uongo mtupu. Zimwi lenye halikujui unalihepa. Unafunga mlango, unapiga nduru, majirani wanatoka na marungu. Lenye linakujua liko na spea ya kifunguo yako. Linajua unalalanga saa ngapi na chai yako inawekwanga sukari ngapi. Hilo ndilo linakumaliza hadi kucha.

Ndio maana kwa hii orodha sijaweka wasee wa kukimbizana na panga msituni. Hizo muvi zimejaa na zinafanya kazi moja tu: sauti kubwa ghafla, unaruka, unamwaga soda, imeisha. Kitabu haiwezi kukupigia kelele. Inakuingia pole pole, na noma ni kwamba ni wewe mwenyewe unafungua ukurasa unaofuata, hakuna mtu amekushikia bunduki. Nimechagua zile zenye ubaya unakaa mezani na familia, unapakuliwa dishi, unaulizwa siku ilikuwa aje.

Tuanzie Nyanza. Grace Ogot wengi mnamjua ju ya ile stori ya mvua, The Rain Came, yenye watu hukutana nayo shuleni: Oganda, mtoi wa chifu, anachaguliwa apelekwe lake akamezwe na dude la majini ndio mvua inyeshe. Hiyo iko ndani ya mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder. Sasa kwa kitabu hicho hicho kuna stori ingine inaitwa Tekayo. Hiyo sijaskia odijo yeyote akiisomea watoi, na naelewa.

Tekayo ni mzae, mchungaji, guka wa watoi kibao. Siku moja ako malishoni na ng'ombe, ndege mkubwa wa kuwinda anapita juu yake na kipande ya nyama. Mzae anamfanya aiangushe, anacheki, ni maini fresh. Anawasha moto, anachoma, anaonja. Manze! Hajawahi kula kitu tamu hivyo tangu azaliwe. Shida ni moja: hajui ni maini ya mnyama gani. So anaanza kusaka. Anaua huyu, anachoma ini, anaonja, zii, si yenyewe. Anaua yule. Zii. Anaendelea hivyo, mnyama baada ya mnyama, na wewe msomaji unaanza kuhesabu ni gani wamebaki, hadi akili inafika mahali haikutaka kufika. Na wajukuu wanapenda kucheza na guka.

Nasimama hapo. Kenye kinanimaliza na hii stori ni venye Ogot hapandishi sauti. Hakuna radi, hakuna bundi, hakuna mwezi mkubwa juu ya makaburi. Kuna mzae ameshikwa na utamu, na mtu yeyote amewahi kuona beshte akishikwa na kitu, iwe ni keroro, iwe ni beti, anazijua hizo hatua: kwanza inakuwa bahati, alafu inakuwa utafiti, alafu inakuwa ratiba. Familia nayo iko pale inashukuru venye mzae siku hizi ako na time ya watoi. Ogot alikuwa nesi kabla aandike, na kabla akuwe MP wa Gem na waziri msaidizi. Mi nadai unesi ndio ulimfunza kuandika mwili wa mtu bila mkono kutetemeka. Baada ya Tekayo, ukiagiza ugali maini kwa kibanda utaichungulia kwanza.

Alafu rudia The Rain Came sasa ukiwa mtu mzima, na usiangalie dude la lake. Angalia watu. Angalia venye kijiji inafurahi ju mvua inakuja, wanaimba, wanacheza ngoma, na Oganda ako hapo katikati yao, mzima, anawaskia. Wazazi wake ndio wanamtoa. Hiyo hewa ndio iko kwa The Lottery ya Shirley Jackson, stori fupi ya 1948: kijiji ya Marekani, asubuhi ya jua poa, watu wanapiga udaku, watoi wanaokota mawe wanayapanga. Ilitoka kwa jarida la The New Yorker na wasomaji wakaandika barua mamia, wengi wamewaka, wengine wakakatiza kununua jarida kabisa. Jackson mwenyewe alikuja kusema kuna wenye waliandika wakiuliza hiyo bahati nasibu hufanyikia wapi ndio waende kuiona. Hao waliniingiza baridi kuliko stori yenyewe.

Vuka hadi Naija. Amos Tutuola alikuwa mesenja kwa ofisi ya serikali huko Lagos, shule alisoma miaka michache tu, na 1952 kitabu chake The Palm-Wine Drinkard ikachapishwa London. Ndani kuna kipande ya jamaa mmoja wa soko, mwenye Tutuola anamwita bwana aliyekamilika. Kuna manzi amekataa machali wote wazazi wake wamemletea. Siku ya soko anaona huyu msee. Msafi, amejengeka, hakuna mahali unaeza toboa kasoro. Hajaulizwa, hajaitwa, anamfuata. Jamaa anamshow rudi kwenu. Anakataa. Jamaa anamshow tena. Wapi. Wanaingia msituni, na huko ndio bwana anaanza kurudisha vitu. Miguu ilikuwa ya kukodi, anamwachia mwenyewe, analipa, anaendelea. Mikono, ya kukodi. Ngozi, ya kukodi. Kila mahali anasimama, anatoa kiungo, anatoa ganji ya watu. Mwisho kimebaki fuvu peke yake linaruka ruka chini, na sasa manzi ndio anadai kurudi, na sasa haiwezekani.

Mi hucheka nikisoma hiyo, hadi mahali nawacha kucheka. Ju huyo chali tumemwona wote. Suti ya kukodi, gari ya kukodi, keja ya wikendi moja ndio picha zitoke fiti. Tutuola alimchora kabla yeyote aote simu ya kamera. Coast nao wako na yule mrembo wa usiku mwenye anaomba lifti, kila kitu iko sawa hadi macho yako ishuke chini ipate kwato, na kila msee wa Mombasa ako na beshte wa binamu yake alimbeba. Lakini jini wa Mombasa anajificha. Huyu wa Tutuola alimwonya manzi mapema, mchana peupe, na bado akafuatwa. Hapo ndio panauma.

Kitu ingine kuhusu Tutuola, alafu tusonge. Kitabu ikitoka, wasomi kibao wa Naija waliona aibu. Wakadai Kizungu chake kimevunjika, kitafanya wazungu waone Waafrika wote ni mafala. Dylan Thomas, mshairi wa Wales, akaisifu kwa gazeti huko Uingereza. Leo Tutuola bado anasomwa, na wale waliomcheka sijui mjukuu gani anawakumbuka. Wenye hukunja uso wakiskia Sheng wachukue hiyo waende nayo.

Sasa tuseme umechanuka, umekataa wa soko, umepata bwana wa nyumbani. Bwana poa. Poa kupita kiasi. Hiyo ndio My Soul to Keep ya Tananarive Due, mwandishi Mmarekani mweusi wa Florida, ya 1997. Jessica ni mwanahabari huko Miami. Bwanake David anapika, analea mtoi, anajua muziki wa jazz ndani nje, anaongea lugha kibao. Kenye Jessica hajui ni kwamba jina ya ukweli ni Dawit, jamaa ni wa Uhabeshi, na ametembea hii dunia zaidi ya miaka 400. Kuna udugu wa wanaume wenye walipata damu ya kutodedi, makao yao ni Lalibela, na sheria yao ni moja: hakuna mtu wa nje kujua. Mtu akikaribia kujua, Dawit anamnyamazisha.

Ujanja wa Due ni huu: Dawit anampenda Jessica kwa ukweli. Angekuwa anaigiza ungepumua, ungesema sawa, huyu ni mkora, tungojee ashikwe. Lakini mapenzi ni ya ukweli na maiti ni za ukweli, na zote ziko kwa kitanda kimoja. Hiki ndicho kitabu natoanga kwa mamanzi wenye wanadai hawapendi stori za kuogopesha. Wanaanza wakifikiri ni ya mapenzi. Ni ya mapenzi.

Wale walisoma bodi nao Due ako na yenu, The Reformatory, ya 2023. Ni Florida, mwaka ni 1950. Robbie, kijana wa miaka 12, anampiga teke kijana wa mzungu tajiri mwenye alikuwa anasumbua siz yake, na ju ya hilo teke anatupwa kwa shule ya kurekebisha tabia. Robbie anaonanga mizimu, na hiyo shule imejaa: vijana wenye waliingia na hawakutoka. Due hakuokota hii kitu hewani. Shule yenyewe ilikuwanga, ikiitwa Dozier, mji wa Marianna, ikafungwa 2011, na baadaye wachunguzi wa chuo kikuu wakafukua makaburi 55 kwa hiyo kiwanja. Robert Stephens, ankoli wa mathe yake Due, alidedi hapo 1937 akiwa kijana tu. Kwa kitabu mizimu inaogopesha kidogo hapo mwanzo, alafu unazizoea, ata unazionea huruma. Mwenye huwezi kumzoea ni yule mkubwa wa shule, yule mwenye analipwa na serikali kulinda watoi na ako na kifunguo ya kila mlango. Mtu amewahi kulala dorm akiskia hizo funguo zikilia kwa korido usiku hahitaji maelezo.

Najua kuna msee ameketi hapo anajiuliza mbona sijataja Stephen King. Huyu hapa. Wengi huanza na It, ju ya yule klauni, na ni kitabu fiti, lakini iko na kurasa zaidi ya 1,000 na King hakuwa na mtu wa kumwambia buda, tosha. Anza na Pet Sematary ya 1983. Hiyo haina nyama ya ziada.

Stori yake ilianza hivi. King alikuwa amepata kazi ya kufunza kwa chuo huko Maine, akakodi nyumba Orrington, kando ya barabara ya malori. Paka ya msichana wake ikagongwa. Watoi wa hapo mtaani walikuwa wametengeneza makaburi ya wanyama kwa kichaka, ikazikwa huko. Alafu siku moja kijana wake mdogo akatoka mbio akielekea hiyo barabara, na King akamdaka. Hapo ndio kitabu ikazaliwa, kwa lile swali la na kama singemdaka. Alipomaliza kuandika aliona imekuwa giza sana, akaifungia kwa droo. Ilitoka tu ju alikuwa anadaiwa kitabu na wachapishaji wake wa zamani.

Mtu amelelewa kando ya Mombasa Road, trela zinapita usiku na mchana, na kuna mtoi na mpira, huyo hata singeendelea kumweleza. Kwa kitabu, daktari Louis Creed anaonyeshwa na jirani mzae kwamba nyuma ya yale makaburi kuna mahali ingine ya zamani, na ukizika kitu huko inarudi. Paka inarudi. Lakini inanuka, inatembea vibaya, na ile kitu inaangalia kupitia macho yake si paka. Mtu na akili zake anaachia hapo. Louis ni fathe anapenda watoi wake, na ju anapenda, hawezi kuachia hapo. Kila hatua anachukua unaielewa. Unaeza ata kumsaidia kubeba koleo. Kama uko na mtoi mdogo nyumbani, hii ngoja kwanza akue.

Ukimaliza hiyo, Frankenstein utaisoma vingine kabisa. Mary Shelley aliianza 1816 akiwa na miaka 18, huko Geneva, mwaka wenye jivu ya volkeno ya Tambora ya Indonesia ilikuwa imefunika jua, mvua na baridi ata kwa miezi za joto, wasee wamekwama kwa nyumba wakipeana changamoto ya nani atatunga stori ya mzimu. Ikatoka 1818. Watu hufikiri ni ya dude limeshonwa na misumari shingoni. Ni ya fathe wa kuhepa. Victor anazaa kitu, anaiangalia usoni, anatoka nduki, na kila mtu anadedi baada ya hapo ni bili ya ile siku. Dracula ya Bram Stoker, ya 1897, nayo mwanzo ni moto, pale kwa kasri. Katikati ni wasee wanaandikiana barua za kujuliana hali. Soma mwanzo.

Alafu kuna mathe. Hapa sichezi. Beloved ya Toni Morrison, 1987, kwa maduka ya vitabu huwekwanga upande wa fasihi nzito, na kwa hivyo wasee wa stori za kuogopesha huipita wakifikiri ni ya mtihani. Mi nadai hakuna kitabu ya mzimu imeandikwa poa kuliko hiyo. Sethe ametoroka utumwa Kentucky, amefika Ohio na watoi wake. Wenye mali wakamfuata. Na Sethe, kabla wamchukulie watoi, akachukua msumeno. Morrison aliianzia kwa kisa cha ukweli, mama anaitwa Margaret Garner, Cincinnati, 1856. Miaka inapita, nyumba imejaa hasira ya mtoi, vitu vinarushwa, vijana wamehepa. Alafu siku moja manzi wa rika ya yule mtoi angekuwa nayo anapatikana ameketi hapo nje, ngozi laini, anapenda vitu tamu, anamwangalia Sethe hachoki. Na Sethe anamkaribisha. Anampikia. Anamlisha hadi yeye mwenyewe anaisha mwili.

Hakuna mbaya wa kulaumu ndani ya hiyo nyumba. Mbaya alibaki kule shambani na karatasi za serikali zikisema watu ni mali yake. Lakini mwenye analipa, kila siku, kwa nyama yake, ni mathe. Nimeona watu wakisoma Pet Sematary na kuongea usiku wote. Beloved watu wakimaliza wanaosha vyombo.

Nyumba kubwa kuliko yako ni ya mdosi wa nchi, na huko pia kuna meza. Sony Labou Tansi wa Kongo Brazzaville aliandika La Vie et demie 1979 kwa Kifaransa. Ya Kizungu inaitwa Life and a Half. Ni nchi ya kubuni, rais anajiita Kiongozi wa Neema, na ukurasa hata haujakauka ako mezani anakula nyama, ako na mpinzani wake Martial mbele yake, na familia ya Martial imesimamishwa hapo ione. Anachukua kisu ya kukulia. Anamdunga. Martial hafi. Anamdunga tena, anamkata, na huyo jamaa anakataa tu, anasema hataki kufa hicho kifo. Kenye familia inalazimishwa kula baada ya hapo utajionea. Kutoka siku hiyo Martial anakuja kusimama kwa chumba ya mdosi usiku, na anamwachia weusi kwa mikono wenye hautoki na sabuni yoyote. Kwa stori nyingi mzimu ni ngori ya mnyonge. Hapa ni mdosi ndio halali, na kusema ukweli, ni raha kidogo kuogopa ukiwa upande huo.

Hiyo isome na Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o ikiwa kando. Ngũgĩ aliiandika kwa Kikuyu akiwa amefungwa Kamiti bila kesi, kati ya 1977 na 1978, kwa karatasi ya choo ju hakupewa ingine. Ilichapishwa 1980, na ya Kiswahili ikatoka 1982. Wariinga anapanda mat kutoka Nairobi hadi Ilmorog, na huko kwa pango kuna sherehe ya mashetani, yaani mashindano ya wezi wa kisasa, kila mmoja anasimama kwa jukwaa na tumbo yake anajisifu ameibaje na anapanga kuibaje. Mmoja anadai hewa ipakiwe iuzwe. Mwingine anadai viungo za watu ziuzwe ndio tajiri akuwe na midomo mbili na mioyo mbili. Ilipotoka watu walikuwa wanasomeana kwa mat na kwa baa, na Ngũgĩ alisimulia venye kwa baa msomaji alikuwa anafika mahali tamu, glasi imeisha, anaweka kitabu chini hadi mtu ajaze. Hiyo ndio namna ya kusoma stori ya kuogopesha. Sauti, giza, na mtu anakuficha ukurasa unaofuata ju ya kiu yake.

Kwa Kiswahili pia kuna Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001: K, msee amenona na serikali, anatembelewa na babu yake mwenye alizikwa kitambo, na babu hakuja kula pilau. Na kama unadai ya zamani zaidi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960. Tajiri wa Zanzibar anapatikana amededi pale pale kwa mzimu, yaani mahali pa kutambikia, na watu wote wanamaliza kesi kwa sekunde moja: ni mizimu. Bwana Msa, mpelelezi wa hii stori, anawasha kiko chake na kuanza kuuliza maswali ya wanadamu. Si ya kuogopesha sana, nakubali. Lakini ukishasoma vitabu kumi za mizimu, inasaidia kukutana na mzae mwenye anauliza nani alikuwa anangojea urithi.

Ya karibuni ya kwetu ni Things They Lost ya Okwiri Oduor, Mkenya mwenye alishinda tuzo ya Caine 2014. Hii riwaya ilitoka 2022. Ayosa, kasichana, ako peke yake kwa jumba kubwa la zamani huko Mapeli, mji wa kubuni, anangojea mathe yake arudi. Mathe anakuja, anapenda kwa nguvu yote, alafu anapotea tena, wiki, miezi. Nje kuna mizuka inabembeleza, inadai iingie. Na kuna siku mizuka inaonekana afadhali, ju angalau inakuja kila usiku. Lugha yake ni ya kuringa, inaeza kukuchosha mwanzo. Vumilia, ikishakushika haiachi.

Kuzipata. Wasee wa inama pale tao, wenye hupanga vitabu chini kando ya barabara, King hawakosangi, na ukikaa hapo ukichakura utaokota vingine kwa bei ya dishi moja. Library nazo zipo. McMillan pale Banda Street, yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931 na hadi 1958 mtu mweusi hakuwa anaruhusiwa kusoma ndani, so ukitaka nyumba yenye historia ya kuogofya umeipata. Watu wa Eastlands msihangaike kuja huko, Kaloleni na Makadara ziko na library zimefanywa upya na Book Bunk, meza safi, mwanga, na hakuna mtu anakuuliza umekuja kufanya nini.

Na wenye hawana subira ya maneno mengi, Uzumaki ya Junji Ito, katuni ya Japani ya mwisho wa miaka ya tisini. Mji mdogo unashikwa na wazimu wa umbo la kujikunja kama ganda la konokono, kuanzia kwa fathe wa mtu mmoja mwenye anaanza kukusanya kila kitu iko na hilo umbo. Watu wanazoea, wanaendelea kwenda shule, wanaendelea kuuza duka, na mji unajikunja. Hiyo usiisomee kwa mat ya jioni. Picha ni kubwa, msee wa kando lazima achungulie, na mi nimewahi kukaa na mathe mmoja wa kwenda Dandora mwenye aliangalia ukurasa mmoja tu, akaomba konda ampee siti ingine na akalipia hiyo ingine.